Anayetahiriwa Hashiki Kisu

Mwaka wowote unaogawika kwa mbili, ukipita Mbale mwezi wa Agosti utawakuta barabarani: vijana waliopakwa unga wa wimbi na chachu, njuga mapajani, wakicheza kutoka kwa shangazi hadi kwa mjomba huku kundi la watu nyuma yao likiongezeka kila kona. Ni imbalu, jando la Wagisu, linalofunguliwa rasmi Mutoto, nje kidogo ya mji. Kijana hupita kwa jamaa kuwaarifu kwamba yuko tayari, nao humpa kuku, pesa na maneno makali ya kumkaza moyo. Siku ikifika husimama mbele ya watu wote, macho makavu, asipepese, ngariba akifanya kazi yake. Baada ya hapo halishiki tonge mwenyewe. Hulishwa na wengine hadi ngariba arudi kumnawisha mikono na kumpa masharti ya utu uzima. Sisi Wabukusu wa Bungoma, upande wa pili wa Mlima Elgon, tuna mambo yayo hayo katika miaka iyo hiyo, kwa hivyo imbalu hatuhadithiwi. Wazee husimulia hata kwamba desturi yenyewe ilitokana na mgeni: Masaba alimtaka Nabarwa, binti wa Kikalenjin, naye binti akakataa katakata kuolewa na mwanamume asiyetahiriwa.

Kuna jando jingine katika sehemu hizohizo, na hili halingoji mwaka wa shufwa. Huanza Juni, shule na vyuo vya Marekani na Ulaya vinapofungwa. Kijana wa miaka 18 au 20 huwaandikia mjomba, shangazi, daktari wake wa meno na kanisa zima barua ya kuomba nauli na maombi. Huchanjwa homa ya manjano. Hupewa fulana yenye aya ya Biblia mgongoni, rangi moja na za wenzake wote. Hushuka Entebbe usiku, kesho yake huvuka daraja la Nile kuingia Jinja, wengine wakiendelea na barabara ya Tirinyi hadi Mbale. Kwa siku 10 au 14 hulala ndani ya chandarua, hula matoke na maharagwe, hupaka darasa rangi, hucheza na watoto, na hulia angalau mara moja. Akirudi kwao husimamishwa mbele ya kanisa atoe ushuhuda, na maneno hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka: nilikwenda kuwapa, kumbe wao ndio walionipa.

Ninaposema ni jando, sisemi kwa kejeli. Kijana wa huko hupewa leseni ya gari, na akitimiza miaka 18 hupewa karatasi ya kupiga kura, lakini hakuna mzee anayemweka mbele ya watu na kumwambia kuanzia leo wewe ni mtu mzima. Kanisa limeliona pengo hilo, likamtafutia mto wa kuvuka, na mto wenyewe ni Nile. Barua za michango ni zile safari za kwenda kwa shangazi. Chandarua, kuharisha na kukosa intaneti ndiyo maumivu. Ushuhuda ndiyo siku ya kunawishwa mikono. Kama mzazi wa kijana mmoja angeniuliza, ningemwambia amwache aende, kwa sharti moja ambalo kila Mgisu na kila Mbukusu analijua bila kufundishwa: anayetahiriwa hashiki kisu. Taabu iliyoipata Jinja ilianzia hapo.

Kwanza tuulize kama vijana hao wanabadilika kweli. Mwanasosholojia Robert Wuthnow alikadiria, katika muongo wa kwanza wa karne hii, kwamba Wamarekani wapatao milioni 1.6 husafiri nje kila mwaka kwa misheni za muda mfupi. Kwa hesabu hiyo, kama kila mmoja angerudi mtu mpya, Marekani ingekuwa nchi nyingine kabisa kufikia sasa. Kurt Ver Beek, msomi wa Chuo cha Calvin aliyeishi Honduras miaka mingi, alivifuatilia vikundi vilivyokwenda huko kujenga nyumba baada ya Kimbunga Mitch cha 1998. Katika utafiti alioutoa 2006, nyumba iliyojengwa na kikundi cha wageni, ukijumlisha nauli zao, ilifikia kama dola 30,000. Ile ya shirika la Kikristo la wenyeji ilikwisha kwa dola 2,000. Wenye nyumba hawakuona tofauti ya maana. Wageni wenyewe walijaza fomu kwamba wamebadilika, wanaomba zaidi, wanatoa zaidi. Daftari za michango hazikukubaliana nao sana.

Huku kwetu tuna kipimo cha kale zaidi. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia pamoja. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka iliyofuata ukaenea Uganda nzima, ukavuka hadi Kenya na Tanganyika. Walokole, kama walivyoitwa watu wa uamsho huo, hawakumwamini mtu kwa machozi pekee. Aliyeokoka alimrudishia mwenyewe ng'ombe wake, alilipa deni la dukani lililokwisha kusahauliwa na mwenye duka, alikwenda kwa jirani aliyemsengenya akamwambia uso kwa uso. Mzungu naye alitakiwa aungame mbele ya Mwafrika, jambo lililowachoma wamisionari wengi kuliko jua la hapa. Kwa hiyo nikisikia kijana wa Ohio amebadilishwa na Mbale, hamu yangu ni kujua amerudisha nini.

Sasa twende Jinja, maana ndipo mambo yalipozidi.

Tuseme ukweli, Jinja ni mji mtamu. Kilomita 80 tu kutoka Kampala, hewa ya ziwa, mto mrefu kuliko yote ya Afrika ukianza safari yake hapo, nyumba za maduka za Wahindi zenye nguzo na baraza zilizosalia tangu kabla ya Amin kuwafukuza mwaka 1972. Kuna mikahawa inayouza kahawa kama ya kwao. Kuna mitumbwi ya mpira ya kuteremkia maporomoko siku ya mapumziko. Na kwa bodaboda moja tu unafika Masese, kando ya ziwa, kwenye vibanda vya wavuvi na wahamiaji wa Karamoja ambako njaa haihitaji kutafutwa. Umasikini uko mbali kidogo na kahawa nzuri, na hapo pana siri ya Jinja ambayo vijiji vya ndani vya Busoga, penye njaa zaidi, havitaifikia kamwe.

Desemba 2006 alifika hapo Katie Davis, msichana wa miaka 18 kutoka Brentwood, Tennessee. Mwaka uliofuata akarudi kufundisha chekechea, 2008 akaanzisha shirika la Amazima, na baada ya muda akawa analea wasichana 13. Kitabu chake, Kisses from Katie, kilitoka 2011 na kikauzwa sana Marekani. Sina ugomvi naye, kwa sababu yeye alikaa. Walio wengi hupita. Kitabu chake ndicho ninachokitilia shaka, au tuseme namna kilivyosomwa: kwamba miaka 18 na moyo mwema vinatosha, mengine Mungu atayajaza. Msomaji wa miaka 17, chumbani kwake, akikifunga kitabu namna hiyo tayari amekwisha kuliona jina la Jinja kama vile limeandikwa kwa ajili yake.

Renee Bach alitoka Bedford, Virginia. Alifika Jinja mara ya kwanza mwaka 2007, kijana mbichi, kujitolea kwenye kituo cha watoto. Mwaka 2009 alirudi na kuanzisha Serving His Children, huko Masese, mwanzoni ikiwa ni kugawa chakula. Kisha wakaanza kuletwa watoto waliokonda hadi mifupa, na wengine waliovimba miguu na uso. Kituo cha chakula kikawa, hatua kwa hatua, mahali pa kulaza wagonjwa.

Nikae hapa kidogo, maana wengi hawaoni ubaya uko wapi. Kumlisha mtoto mwenye njaa, kuna jambo jepesi kuliko hilo? Yapo, mengi tu. Mwili wa mtoto mwenye utapiamlo mkali umejizima ili usife. Moyo wake ni dhaifu, figo hazitoi chumvi inavyotakiwa, joto humshuka usiku, na sukari inaweza kumwishia damuni kabla ya alfajiri. Ukimwekea dripu kama unavyomwekea mtoto mwingine aliyeharisha, maji yanaweza kuuelemea moyo ukasimama. Ukimpa uji mzito na maziwa kamili siku ya kwanza, madini ya damu yake huvurugika, na anaweza kufa akiwa ameshiba. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huanza na maziwa maalumu yaitwayo F-75, yaliyopunguzwa nguvu kwa makusudi, kilokalori 75 kwa mililita 100, kijiko kwa kijiko kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, kabla ya kupandishwa kwenye F-100 na ile karanga iliyosagwa ya pakiti. Uvimbe wa kwashakoo hauondolewi kwa dawa ya kukojoza. Damu huongezwa kwa masharti makali. Haya wanayajua wauguzi wa Nalufenya, hospitali ya watoto ya serikali iliyoko hapohapo Jinja, na kitengo cha Mwanamugimu pale Mulago kimekuwa kikiyafundisha tangu miaka ya 1960.

Bach hakuwa daktari wala muuguzi. Yeye mwenyewe aliwahi kuandika hadharani jinsi alivyomwekea mtoto oksijeni na kumtundikia dripu. Kati ya 2010 na 2015 kituo kilipokea watoto 940 wenye utapiamlo mkali, na 105 kati yao walifariki. Mwaka 2015 ofisi ya afya ya wilaya iliamuru kituo kifungwe. Januari 2019 kina mama wawili waliofiwa, pamoja na shirika la kisheria la Women's Probono Initiative, walifungua kesi Mahakama Kuu ya Jinja. Walidai waliaminishwa kwamba yule ni daktari. Julai 2020 pande mbili zilipatana nje ya hukumu: kila mama alipwe takriban dola 9,500, bila Bach wala shirika kukiri kosa.

Haki itendeke kwake pia. Alikana kwamba alijifanya daktari. Aliajiri madaktari na wauguzi Waganda, na alisema aliyoyafanya aliyafanya kwa maelekezo yao. Watoto wengi walitoka pale wakitembea, na wapo wazazi wanaomshukuru hadi leo. Utapiamlo mkali huua hata katika hospitali kubwa, kwa hiyo ile 105 peke yake haimtii mtu hatiani. Yote hayo nayapokea. Bado najiuliza: kijana wa Kisoga wa miaka 20, mwenye cheti cha kidato cha sita na moyo wa huruma, angefungua wodi ya watoto mahututi pale Masese? Angelala polisi siku hiyohiyo, na majirani wangechangia kumpeleka. Bach alipewa nafasi na watu wenye majina na vyeo. Yupo aliyempangisha nyumba, yupo aliyemletea mgonjwa, wapo maofisa waliopita hapo miaka kadhaa kabla ya amri ya kufunga. Ngozi yake ilisomwa kama shahada. Na mama aliyetoka kijijini na mtoto mgongoni, akamkuta Mzungu kati ya chupa za dripu, angeanzaje kuuliza amesomea wapi?

Kosa hilo tulilifanya wenyewe, kabla halijawa kosa la Virginia. Vijana wa huko wangekuja na ndoto zao za kutisha na zisifike popote, kama mwenye mji angesema hapana kwa sauti ya kusikika.

Waliokuja kusema ni watu wa pembeni. Kikundi cha No White Saviors kilianzishwa 2018 na Olivia Alaso, Mganda, na Kelsey Nielsen, Mmarekani ambaye mwenyewe aliwahi kuja Jinja kwa kujitolea. Hilo nalo ni badiliko la safari ya misheni, ingawa sijui kanisa gani lingemwita mtu aje kulitolea ushuhuda. Mwaka 2023 HBO ikatoa filamu ya sehemu tatu juu ya mkasa wote, ikiitwa Savior Complex, na kwa muda mfupi Jinja ikajulikana duniani kwa jambo lisilohusu chanzo cha Nile.

Kinachonishangaza ni kwamba mfano wa kinyume uko kilomita kama 150 tu kutoka hapo, na hauna filamu.

Mwaka 2000 Benjamin Warf, bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alihamia Mbale na mkewe na watoto wao sita. Alikuja kwa imani ileile, chini ya CURE, shirika la Kikristo lililokuwa linafungua hospitali ya watoto mjini humo. Siku zake zilijaa watoto wenye vichwa vikubwa, wale ambao maji ya ubongo yamekosa njia yakajaa. Kisomo chake kilimwambia aweke mrija chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, maji yateremke. Aliweka. Watoto walitoka wodini wanacheka.

Halafu mrija huziba. Huziba baada ya miezi, pengine mwaka. Wakati mwingine huingia vijidudu. Mtoto wa Boston mrija wake ukiziba, mama huendesha gari hadi hospitali jioni hiyohiyo. Mtoto wa mteremko wa Bududa, au wa Karamoja, mrija ukiziba wakati wa mvua na barabara haipo, hafiki. Warf aliyaona hayo kwa sababu alikuwa bado yuko Mbale mrija ulipoziba. Aliyekaa wiki mbili angempiga picha mtoto akitoka mlangoni, akaenda zake akiamini ameokoa maisha, na hadi anaingia kaburini asingejua.

Basi alianza kutafuta njia isiyoacha kifaa ndani ya kichwa cha mtoto. Kwa kamera nyembamba alitoboa sakafu ya chumba cha maji ndani ya ubongo ili maji yapate njia nyingine ya kutokea. Njia hiyo ilikuwapo lakini kwa watoto wachanga haikufanya vizuri. Akaongeza hatua ya kuzichoma tishu zinazotengeneza maji hayo. Viwili pamoja vilifanya kazi kwa wengi wao. Aliyachapisha matokeo 2005. Aligundua pia kwamba kwa watoto wengi wa Uganda ugonjwa ule haukutokana na kuzaliwa nao. Ulifuata maambukizo ya wiki za kwanza za maisha, jambo ambalo vitabu alivyosomea havikulipa uzito. Aliondoka 2006, na wakati huo John Mugamba, daktari Mganda aliyefunzwa naye, alikuwa anashika kamera ileile. Madaktari wa Marekani wakaanza kujifunza upasuaji uliobuniwa Mbale. Mwaka 2012 Warf alipewa tuzo ya MacArthur.

Hata huyu bingwa, aliyekuja na mikono iliyofunzwa miaka mingi, alilazimika kuwa mwanafunzi wa watoto wa Mbale kabla hajafaa kitu zaidi ya alichotoka nacho. Badiliko lake limeandikwa kwenye vitabu vya udaktari, mtu yeyote anaweza kwenda kulisoma.

Buluba, kando ya Ziwa Victoria mashariki ya Jinja, nako kuna habari. Mother Kevin, mtawa wa Ireland aliyefika Uganda 1903, alianzisha hapo kituo cha wenye ukoma mwaka 1934. Mwaka 1951 akaja Wanda Błeńska, daktari wa Poland, akakaa zaidi ya miaka 40. Aliwapima wagonjwa bila glovu, ili waone kwamba ngozi yao si kitu cha kuogopwa, na akafundisha matabibu wenyeji hadi kazi ikawaendea bila yeye. Alifariki kwao 2014, mwenye miaka 103. Simwambii kijana wa miaka 19 akae miaka 40. Namwambia ajue kwamba kabla yake walipita watu wa namna hiyo, na wenyeji wanawakumbuka, kwa hivyo asishangae fulana yake isipowatetemesha.

Wilaya ya Mayuge, iliko Buluba, ndiko alikouawa Askofu James Hannington, tarehe 29 Oktoba 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Alikuwa ameacha sehemu kubwa ya msafara wake Mumias, chini ya William Jones, shemasi Mwafrika aliyewahi kuokolewa kutoka utumwani, akaendelea na watu kama 50. Alichagua njia ya kupitia Busoga wakati wamisionari waliokuwa Buganda walikuwa wanahangaika kumfikishia onyo asiipite. Mlango huo wa mashariki wa ufalme wake ndio Kabaka aliouogopa. Askofu ana sikukuu yake katika kalenda ya Kianglikana na makanisa yanayoitwa kwa jina lake. Wapagazi wake, watu wa pwani na Rabai, waliuawa karibu wote pamoja naye, na watoto wa shule za Mombasa hawafundishwi hata jina moja. Tangu safari za kwanza kabisa, uamuzi ulikuwa wa mgeni na gharama ikaangukia waliobeba mizigo.

Leo mzigo huo mara nyingi hubebwa na mtoto wa makao ya yatima. Mtoto aliyelelewa vizuri akimwona mtu asiyemjua hujificha nyuma ya kanga ya mama. Anayemkimbilia Mzungu getini na kumrukia shingoni kabla hajajua jina lake, huyo amefundishwa na wageni wengi walioondoka. Kila Julai anapata kaka na dada wapya, kila Agosti wanapanda basi dogo wanalia, naye anabaki. Mgeni huyaona makumbatio yale kuwa ni upendo wa Kiafrika, akayasimulia kwao. Serikali ya Uganda imekiri mara nyingi kwamba watoto wengi walio katika makao hayo wana mzazi au jamaa aliye hai. Sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016 ilibana mianya ya wageni kuondoka nao, ikamtaka anayeasili akae nchini kwanza. Lakini getini hakuna sheria, na mwenye makao anajua kwamba chumba chenye watoto wengi ndicho kinachotoa picha nzuri.

Najua jibu nitakalopewa na mchungaji yeyote wa Mbale, kwa sababu si la uongo. Bati la kanisa lilitoka kwa kikundi cha Texas. Karo za watoto hulipwa na bibi mmoja wa Minnesota aliyekuja mara moja tu. Ukimfungia mgeni mlango, pesa nazo hazitapita dirishani. Sawa. Ila mchungaji huyo anajua vilevile kwamba ukuta wa darasa umepakwa rangi mwaka juzi na mwaka jana, na kwamba fundi rangi amekaa benchi la nyuma la kanisa lake, hana kibarua kwa wiki ya pili. Anaweza kumwandikia mwenzake wa Texas barua ya kweli. Vijana waje, wafuatane na mafundi na wauguzi wetu, wabebe ndoo, wajifunze salamu za Kigisu, waende wodini wakaangalie bila kugusa. Rangi tutapaka wenyewe, nauli mkizipunguza kwa tiketi mbili fundi atakula mwaka mzima. Kwa nini barua hiyo haiandikwi? Kwa sababu mwenyeji anaogopa kwamba mgeni asipopewa kisu hatarudi. Labda hofu hiyo ina msingi. Mimi nadhani wengi wangerudi, na wangekuwa watu wa kufaa zaidi.

Wakenya tusicheke. Vyama vya Kikristo vya vyuo vikuu vyetu hupanda mabasi likizo zinapofika, kuelekea Turkana, Marsabit, Tana River, fulana za rangi moja, gitaa, katoni za biskuti. Kijana wa Nairobi aliyewahi kukasirishwa na Mzungu aliyempiga picha bibi yake bila ruhusa, akifika Lodwar hutoa simu na kumpiga picha mtoto wa Kiturkana mwenye vumbi usoni, akaandika chini yake jinsi alivyobarikiwa. Wiki moja, watu mia wameokoka, hesabu inasomwa chuoni, na mwaka ujao wanaokolewa walewale. Mganda naye hufanya hivyo Karamoja. Kumbe kisu hakina rangi, hufuata nauli.

Mwezi huu barua za vijana wetu za kuomba michango zimeanza kupita maofisini, pamoja na bahasha zake. Nyingi zinaeleza kiasi kinachotakiwa, tarehe za safari na idadi ya roho zinazotarajiwa. Atakayeniletea yake nitamtaka aniandikie jina na namba ya simu ya mtu wa huko waendako aliyewaita, na kazi aliyowaitia. Namba hiyo nitaipiga kabla ya kutia hata shilingi mia.